Urahisi na Usalama wa Kuhifadhi Nywila Mtandaoni: Mfano wa LastPass
Kuhifadhi mafaili na nywila katika seva za mbali humwezesha mtumiaji kuvipata popote alipo. Hata hivyo, tukio la LastPass la mwaka 2022 linadhihirisha gharama ya urahisi huo. Wavamizi walinakili makasha ya nywila ya wateja. Anwani za tovuti zilisomeka, ilhali nywila zilikuwa zimesimbwa kwa ufunguo utokanao na nywila kuu, ambayo kampuni haikuitunza. Kwa hiyo, usalama ulitegemea uimara wa nywila kuu hiyo. Kuibadilisha baada ya wizi hakukulinda nakala iliyokwisha kuchukuliwa. Ilibidi kubadilisha nywila ya kila akaunti iliyomo. Makala haya yanahitimisha kuwa kampuni hutunza kasha, bali mwenye mali ndiye atunzaye ufunguo.