Unapodai Fedha Zako: Njia ya Mahakama ya Mwanzo



Kila msimu wa alizeti unapokwisha hapa Singida, kamati za parokia huletewa malalamiko yanayofanana. Mkulima ameuza magunia yake kwa mali kauli, mnunuzi akaahidi kulipa baada ya wiki mbili, na sasa ni mwezi wa nne simu haipokelewi. Kikundi cha kuweka na kukopa kimemkopesha mwanachama, naye amehamia Manyoni. Au kamati yenyewe ilitoa fedha za mfuko wa kuzunguka kwa ajili ya mbegu, na marejesho hayaonekani. Katika toleo hili tunapenda kueleza nini hufuata pale maneno ya upole yanapokuwa yamekwisha.

Wengi hukimbilia polisi kwanza. Tunaelewa sababu: kituo kipo karibu na mdaiwa huogopa. Lakini deni peke yake si kosa la jinai. Jambo huwa la jinai pale mtu alipodanganya tangu mwanzo ili apewe mali au fedha, na hilo lina kifungu chake katika Kanuni ya Adhabu. Mtu aliyekopa kwa nia njema, kisha mvua zikakatika akashindwa kulipa, ni mdaiwa tu. Hata akilala mahabusu, akaahidi kulipa na kuachiwa, mdai hurudi nyumbani na ahadi nyingine kama ile ya kwanza.

Mahali pa kwenda ni Mahakama ya Mwanzo. Baadhi ya wafadhili wetu huulizia mahakama maalumu ya madai madogo, kama ile ya Kenya iliyoanza kazi Nairobi mwezi Aprili 2021, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi za Kenya milioni 1 na hutakiwa kumaliza ndani ya siku 60. Tanzania hatuna mahakama ya jina hilo. Kazi hiyo hufanywa na Mahakama ya Mwanzo, na wala uwezo wake si mdogo: tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, inaweza kusikiliza madai ya deni lisilozidi Sh. 30,000,000. Mashauri huendeshwa kwa Kiswahili. Wakili si lazima. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kabisa humo, hadi marekebisho ya mwaka 2021 yalipowafungulia mlango pale hakimu anayesikiliza anapokuwa Hakimu Mkazi. Mzee asiyeweza kusimama mwenyewe anaweza kuiomba mahakama imruhusu ndugu yake amwakilishe.

Kabla ya kufika huko, andikeni barua ya madai. Itaje kiasi, tarehe ya makubaliano na siku ya mwisho ya kulipa. Mpeni mdaiwa nakala mbele ya shahidi, naye asaini kwamba ameipokea. Aidha, hatuoni aibu kupitia kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au baraza la kata. Usuluhishi huokoa nauli na huokoa ujirani, na katika vijiji vyetu huyo unayemdai leo ndiye utakayekutana naye kisimani kesho. Tatizo letu na usuluhishi ni moja tu: watu hupeana mikono wakaondoka bila kuandika. Mapatano yaandikwe na mdaiwa asaini. Sheria ya Ukomo hutoa miaka 6 kwa madai ya mkataba (madai ya kimila yanaweza kuwa na muda mfupi zaidi), na mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yenye sahihi yake, hesabu ya muda huanza upya. Karatasi hiyo moja inaweza kuwa na thamani kuliko vikao vitano.

Shauri hufunguliwa katika mahakama ya eneo anakoishi mdaiwa au ya mahali deni lilipotokea. Asiyejua kuandika anaweza kueleza madai yake kwa mdomo, yakaandikwa hapo hapo mahakamani. Italipwa ada, tunzeni stakabadhi, kwa sababu anayeshinda anaweza kuomba arudishiwe gharama. Kisha mdaiwa hupelekewa wito, yaani samansi. Asipofika ilhali wito umemfikia, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja. Ninyi msipofika, linaweza kufutwa, na hili huwapata watu waliodhani tarehe ya kwanza ni ya kuandikisha majina tu.

Sasa tuje kwenye ushahidi, maana hapa ndipo madai ya haki hupotea. Katika shauri la madai, hakimu hatafuti uhakika usioacha shaka yoyote. Hutazama ushahidi wa upande upi una uzito zaidi. Tuchukue mfano wa mama aliyeuza magunia 20 ya alizeti kwa mali kauli. Hana mkataba. Je, amekwisha kushindwa? Hapana. Kijana aliyepakia magunia kwenye gari ni shahidi. Jirani aliyesikia bei ikitajwa ni shahidi. Ujumbe wa simu wa mnunuzi usemao "nivumilie hadi Ijumaa" unaonyesha kwamba hakatai deni, na malipo kidogo aliyotuma kwa simu yana kumbukumbu yenye tarehe na kiasi. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kumbukumbu za namna hii zina nafasi yake mbele ya sheria. Msifute ujumbe wala kubadili simu kabla ya kuhifadhi maneno yake.

Linganisheni na mama mwingine mwenye daftari zuri, lakini ameliandika peke yake jioni nyumbani, bila sahihi ya mnunuzi wala shahidi. Mnunuzi akikana, lipo neno la mmoja dhidi ya neno la mwingine. Sahihi au dole gumba siku ya kupakia, pamoja na jina la shahidi mmoja, vingebadili shauri zima. Tunasikia mara nyingi kwamba kumwandikisha mtu unayemfahamu ni kumtukana. Kwa maoni yetu, anayekusudia kulipa hapungukiwi kitu kwa kusaini.

Swali ambalo kamati hulisahau ni hili: nani hasa anayedai? Parokia kwa kawaida haina usajili wake yenyewe. Mali zake huwa chini ya wadhamini waliosajiliwa wa jimbo. Mwenyekiti wa kamati akifungua shauri kwa jina lake kudai fedha za mfuko, mdaiwa anaweza kusema hakukopa kwake, naye atakuwa amesema kweli. Wasilianeni na ofisi ya jimbo mapema. Vikundi vya kukopeshana navyo vinatakiwa kusajiliwa kupitia halmashauri, kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kwa SACCOS na AMCOS, mgogoro kati ya chama na mwanachama una njia yake ya usuluhishi katika ushirika, nayo hutangulia mahakama.

Asiyeridhika na hukumu anazo siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Ombeni nakala ya hukumu mara moja, msingoje wiki ya mwisho.

Na hukumu si fedha mkononi. Tunalisema wazi kwa sababu wapo walioshinda, wakafurahi, kisha wakakaa nyumbani wakingoja kulipwa. Mdaiwa asipolipa, ni juu ya mshindi kurudi mahakamani kuomba hukumu ikaziwe. Mahakama inaweza kuruhusu malipo ya awamu, au kuamuru mali ikamatwe na kuuzwa kupitia dalali wa mahakama. Nguo za mdaiwa, matandiko, vyombo vya kupikia na zana anazotafutia riziki haviguswi. Hivyo basi, kabla ya kulipa ada ya kufungua shauri, jiulizeni mdaiwa ana nini. Mwenye mashine ya kukamua, pikipiki mbili na ghala anaweza kulipishwa. Mwenye jembe na watoto watano, mpango wa kulipa kidogo kidogo kila mavuno utaleta fedha nyingi kuliko hukumu.

Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 hutoa ushauri bila malipo. Waulizieni katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yenu. Kamati zenye mfuko wa kuzunguka tunaziomba zipitie fomu zao kabla ya mbegu za msimu ujao kugawiwa, na kuangalia kama kila mkopaji amesaini, kama yupo shahidi, na ni jina la nani limeandikwa sehemu ya mkopeshaji.