Kabla Hujanunua Chatu wa Kuzalisha

Kwetu nyoka akionekana uani, watu huitana na fimbo. Hapa Scarborough ananunuliwa tanki, balbu na kidhibiti joto, na usiku wa Januari analala pazuri kuliko mpangaji wa besimenti. Sicheki. Wanafunzi wetu kadhaa wameniuliza kama kuzalisha nyoka wa kuuza kunaweza kulipa karo.

Anayetajwa zaidi ni chatu mpira, mwenyeji wa Afrika Magharibi, anayejikunja kama mpira akiogopa. Hukua hadi mita moja na nusu hivi, ni mpole, na wafugaji wamempata kwa rangi nyingi mno. Rangi ndiyo biashara yenyewe. Miaka ya 1990, albino wa mwanzo waliozalishwa Marekani waliuzwa kwa maelfu ya dola kila mmoja. Lakini rangi hurithiwa. Kila aliyenunua naye alizalisha, watoto nao wakazaa, bei ikaporomoka. Anayekuuzia jozi ya "mtaji" leo anajua hilo vizuri kuliko wewe.

Tupige hesabu, kwa bei za mfano tu. Jike huchukua miaka mitatu hivi kukomaa. Hutaga mayai machache, mara nyingi manne hadi sita, na mwaka mwingine hatagi kabisa. Mayai hukaa karibu siku 60 kwenye mashine ya kutotolesha, nyuzi 31 au 32. Tuseme watoto watano wametoka salama ukawauza dola 80 kila mmoja: dola 400. Panya wa friza, mmoja kila wiki mbili kwa dola 5, ni dola 130 kwa mama peke yake. Baba naye anakula. Watoto hawauziki mpaka wazoee kula, na wengine hugoma wiki nzima nzima. Weka umeme, matanki, na meza ya kukodi kwenye maonyesho ya wikendi. Nyoka akiugua kifua, daktari anayemjua hapatikani kila kona, na ziara moja inaweza kumeza kilichobaki. Ile miaka mitatu ya kusubiri bado sijaihesabu.

Asiyeuzika anabaki kwako, na chatu mpira huishi miaka 20 hadi 30. Mwenye viza ya masomo ya miaka minne alifikirie hilo, kwa sababu kumvusha mpaka wa Kanada kunahitaji kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori.

Jiji la Toronto linakataza nyoka wenye sumu, na chatu wa aina zinazozidi mita 3 wakikomaa. Anayeona katazo hilo ni usumbufu akumbuke Campbellton, New Brunswick. Agosti 2013 chatu wa Afrika alitoroka kizimbani katika fleti iliyo juu ya duka la wanyama, akawaua ndugu wawili, wa miaka 4 na 6, waliokuwa wamelala. Piga 311 uulize kabla hujalipa senti. Na faida, hata ikiingia kidogo kidogo kwenye simu, inaandikwa kwenye kodi.

Sasa niseme kama muuguzi. Nyoka anaweza kuonekana mzima kabisa huku kinyesi chake kina salmonela. Mtu mzima ataharisha siku chache apone. Mtoto chini ya miaka 5, mjamzito, mzee au mwenye kinga dhaifu anaweza kulazwa, bakteria wakiwa wameingia kwenye damu. Panya wa friza nao wanabeba, maana baridi haiwaui bakteria hao. Wasikae friza moja na samaki wenu. Wayeyushwe kwenye chombo chao, mbali na sinki la jikoni, na mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika nyoka au tanki lake. Nyumba nyingi zetu hapa zina jiko moja, familia mbili, na bibi aliyekuja kulea mjukuu. Katika nyumba kama hiyo, yenye mtoto mchanga, mimi ningemkataa nyoka hata wa bure.