Wakuu wa TEHAMA wanaweza kufundishana

Msikilizaji, mfumo wa kompyuta wa zahanati ukikwama, anayesubiri kwenye benchi ni wewe. Anayeongoza mafundi wa mfumo huo mara nyingi hana wa kumkosoa: walio chini yake wanamwogopa, na bosi wake haujui ufundi wenyewe.

Zanzibar, kuanzia miaka ya 2000, timu za afya za wilaya zilikutana kila robo mwaka. Kila timu ilionyesha takwimu zake, nyingine zikazikosoa waziwazi. Takwimu ziliboreka, na programu ya DHIS ikarekebishwa.

Musoma, Bunda na Butiama haziko mbali; nauli si kisingizio. Tunaona wakuu watatu wanatosha kuanza. Kila mmoja alete jambo lililomshinda, tuseme fundi hodari anayechelewesha kazi. Wenzake wamuulize maswali kwanza, ushauri baadaye. Mkutano unaofuata aanze kwa kueleza alichojaribu.