Kipimo cha dola 2,500 hakikudumu sokoni

MWAKA 2010 maabara ya Rules-Based Medicine ya mjini Austin, Texas, iliingiza sokoni bidhaa iliyowageuza shingo wenye fedha: kipimo cha damu cha kumsaidia daktari kuthibitisha skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii na kushikilia imani zisizo na msingi. Kiliitwa VeriPsych. Mgonjwa alitolewa damu, maabara ikapima viashiria 51, hasa protini, na daktari akaletewa jibu kwa namba. Bei ilikuwa dola 2,500 za Marekani.

Utafiti ulifanywa pamoja na Psynova, kampuni iliyochipuka Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kutokana na kazi ya Profesa Sabine Bahn. Matokeo yalichapishwa mwaka huo huo. Walipimwa wagonjwa 577 na watu wenye afya 229. Kipimo kiliwatambua wagonjwa 83 katika kila 100, na wenye afya vivyo hivyo, 83 katika kila 100.

Hapo ndipo mwenye akiba ndogo huponzwa. Asilimia 83 inasikika kama alama ya daraja la kwanza, lakini hesabu ya dukani inasema mengine. Chukua watu 1,000, na katika hao wagonjwa wawe 10. Kipimo kitawapata 8. Kati ya wazima 990, watu 168 wataambiwa ni wagonjwa. Yaani majibu ya "ndiyo" ni 176, na ya kweli ni 8 tu.

Kwa haki, kipimo hakikukusudiwa kupima kila mpita njia. Kilikuwa cha mtu ambaye daktari ameshamshuku, na huko idadi ya wagonjwa ni kubwa zaidi. Lakini katika chumba hicho swali lenyewe hubadilika. Daktari anaona kwamba mtu huyu haumwi malaria wala hana uchovu tu. Anachotaka kujua ni kama ni skizofrenia, au ni ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, au ni madawa ya kulevya. Kulinganisha wagonjwa na wazima hakujibu swali hilo. Ni chekeche inayotenga mchele na mawe, wakati mnunuzi anauliza kama mchele ni wa Kyela au wa kutoka nje. Isitoshe, protini za damu hubadilishwa pia na sigara, unene na dawa zenyewe anazomeza mgonjwa.

Mwaka 2011 Myriad Genetics, yenye hisa zake katika soko la NASDAQ, iliinunua Rules-Based Medicine kwa dola milioni 80. VeriPsych ilififia. Maabara yenyewe haikufa, kwa kuwa ilikuwa na biashara nyingine isiyo na mbwembwe: kuyapimia makampuni ya dawa protini kwa malipo. Mwaka 2021 Myriad iliiuza kwa dola karibu milioni 198. Aliyevutwa na habari ya kipimo cha kichaa alikuwa akitazama mzigo usio wenyewe.

Upande wa usonji wa watoto mambo hayakuwa mepesi zaidi. SynapDx ya Massachusetts ilikusanya dola milioni 15.4 mwaka 2013, Google Ventures ikiwamo. Kipimo chake hakikufika sokoni.

Myriad ilirudi tena kwenye magonjwa ya akili mwaka 2016, ikalipa dola milioni 225 za mwanzo kuinunua Assurex, wenye kipimo cha GeneSight. Hiki husoma jeni, mara nyingi kwa ute wa ndani ya shavu, ili kumsaidia daktari kuchagua dawa ya sonona. Agosti 2019 shirika kubwa la bima, UnitedHealthcare, lilikubali kukilipia, na hisa zikaruka. Kabla mwezi huo haujafika nusu, kampuni ikatangaza kwamba mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inataka mabadiliko katika kipimo hicho. Hisa zikaanguka zaidi ya asilimia 40 kwa siku moja. Tangu Januari 1, 2025, bima ile ile imeacha kulipia vipimo vya aina hiyo.

Hata hivyo damu imepata mnunuzi mahali pengine. Mei 16, 2025, FDA iliruhusu kipimo cha Lumipulse cha kampuni ya Fujirebio, kinachopima protini mbili za damu zinazohusiana na ugonjwa wa Alzheimer. Tofauti ni mbili. Alzheimer huacha uchafu wa protini ubongoni, na uchafu huo huonekana kwa picha maalumu, hivyo kipimo kina kitu cha kulinganishwa nacho. Skizofrenia haina alama ya namna hiyo. Tena zipo dawa za kuondoa uchafu huo, lecanemab na donanemab, ambazo daktari hawezi kuzianza bila kuthibitisha kwamba upo. Mlipaji anajua analipia nini. Katika watu 499 waliopimwa, asilimia 91.7 ya waliopata "ndiyo" walithibitishwa kwa picha au kwa maji ya uti wa mgongo, na asilimia 97.3 ya waliopata "hapana" vile vile. Wenye jibu la katikati walikuwa chini ya 20 katika 100, na hao bado wanahitaji vipimo vingine.