Uundaji wa vyombo vya mbao Pemba

Uundaji wa vyombo vya mbao Pemba ni kazi ya jadi ya kutengeneza mitumbwi, ngalawa, mashua na majahazi kwa zana za mkono katika kisiwa cha Pemba, Zanzibar, nchini Tanzania. Kazi hii hufanyika pwani, kwenye kivuli cha miti au banda la makuti. Kwa kawaida fundi hatumii mchoro: vipimo viko kichwani mwake, naye huongozwa na jicho na umbo la mti wenyewe.

Aina za vyombo

Mtumbwi huchongwa kutoka gogo moja, mara nyingi la mwembe. Ukifungwa matengo, yaani mbao zinazoelea pande zote mbili ili usipinduke, huitwa ngalawa. Mashua na jahazi huundwa kwa mbao nyingi zilizounganishwa. Jahazi ni kubwa zaidi na hubeba mizigo. Zamani katika pwani ya Waswahili kilikuwepo pia chombo kilichoitwa mtepe, ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi badala ya kupigiliwa misumari.

Zana

Zana kuu ni tezo, yenye bapa la chuma lililokaa kukingama na mpini. Kwa tezo fundi hukomba ndani ya mtumbwi na kulainisha mbao. Matundu ya misumari hutobolewa kwa keekee, ambayo huzungushwa kwa kuvuta uta mbele na nyuma. Hutumika pia shoka, msumeno, patasi, randa na nyundo.

Miti na hatua za kazi

Kwanza hulazwa mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, kisha husimamishwa nguzo za omo (mbele) na tezi (nyuma). Baadaye hufungwa mbao za ubavuni na mataruma, ambayo ni mbavu za chombo.

Kuchagua mataruma ni sehemu inayohitaji ujuzi mkubwa. Fundi hutafuta tawi lililopinda tangu likiwa mtini, kwa mfano la mtondoo au mwembe. Katika tawi la namna hiyo nyuzi za mti hufuata mpindo, hivyo taruma huwa imara. Taruma lililokatwa kutoka ubao ulionyooka hukatwa nyuzi zake na huweza kupasuka chombo kinapopigwa na mawimbi.

Nafasi kati ya mbao huzibwa kwa pamba iliyotiwa mafuta. Kazi hii huitwa kukalafati. Mbao hupakwa sifa, ambayo ni mafuta ya papa, na sehemu inayozama hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Kila baada ya muda chombo hupwelezwa na chini yake huunguzwa kidogo kwa moto wa makuti ili kuua wadudu wa baharini wanaotoboa mbao.

Hali ya sasa

Kazi hii hutegemea miti mikubwa, na Pemba ni kisiwa kidogo chenye watu wengi. Msitu wa Ngezi, ulioko kaskazini-magharibi mwa kisiwa, ni hifadhi, na ukataji wa miti Zanzibar unaongozwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 1996. Wakati huohuo boti za faiba zimeongezeka. Katika miaka ya 2020 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imewagawia wavuvi boti za aina hiyo.

Boti ya faiba haiozi wala haihitaji gogo. Hata hivyo, ikipasuka huhitaji kemikali za kununua, ilhali ubao uliooza wa mashua huweza kubadilishwa palepale pwani. Ujuzi huo haufundishwi kwa kitabu: mwanafunzi hukaa na fundi kwa miaka, akianza kwa kushikilia mbao na kukalafati kabla ya kukabidhiwa tezo. Vyombo vipya vikipungua, hupungua pia nafasi ya kujifunza.