Uhuru wa Mkristo na Kazi ya Kila Siku: Habari ya Uzaramo

Imani ya Kikristo inafundisha kwamba mwanadamu ni mfungwa, na kwamba Yesu Kristo ndiye anayemfungua. Vifungo vyenyewe ni vingi: dhambi na hatia yake, hofu ya kifo, hofu ya nguvu zisizoonekana, hata utumwa wa mtu kumilikiwa na mtu mwenzake. Katika sura ya 4 ya Injili ya Luka, Yesu anaianza kazi yake katika sinagogi la Nazareti kwa kusoma unabii wa Isaya unaotangaza kufunguliwa kwa wafungwa. Mtume Paulo naye anawaandikia Wagalatia kwamba Kristo amewaweka huru, kisha anatia sharti ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: aliyefunguliwa asiutumie uhuru kujipendeza nafsi, bali awatumikie wenzake kwa upendo. Uhuru huo, basi, haukamiliki siku minyororo inapokatika. Unataka kazi ya kufanya kesho yake.

Uzaramo, nchi iliyo nyuma ya Dar es Salaam, inaonyesha vizuri jinsi mafundisho hayo yalivyotendeka, na mahali yalipokwama. Maneromango ni kata ya Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Wenyeji wake ni Wazaramo, wakulima wa muhogo na mikorosho, na wengi wao ni Waislamu. Wakristo wamekuwa wachache tangu mwanzo. Ulutheri ulifika huko kupitia wamisionari wa shirika lililoundwa Berlin mwaka 1886. Mmoja wao, Johann Jakob Greiner, alitua Dar es Salaam mwaka 1887. Kituo cha Kisarawe kilifunguliwa mwaka 1892, na cha Maneromango kikafuata miaka michache baadaye.

Wakati huo neno la uhuru lilikuwa na maana ya wazi kabisa. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, lakini biashara yenyewe haikufa. Watumwa waliookolewa kutoka majahazi na misafara walikabidhiwa misheni, wengi wao watoto wasiojua kwao ni wapi. Huko Pugu, karibu na Kisarawe, Wabenediktini wa St. Ottilien walianzisha kituo mwaka 1888 na kuwapokea watu wa namna hiyo. Januari 1889, katika vita vya Abushiri vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, kituo kilivamiwa na baadhi ya wamisionari wakauawa. Uhuru huo ulikuwa na gharama, na si wenyeji peke yao walioilipa.

Mfano ulio wazi zaidi wa mtu aliyefunguliwa kisha akapewa kazi unatoka Zanzibar. Mwaka 1864 Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer wa misheni ya Kianglikana wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyewahi kuwa mtumwa, akapewa upadri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufikia daraja hilo, akafanya kazi kusini, upande wa Ruvuma. Shule ya Kiungani walimolelewa vijana wa aina hiyo ilihamia bara mwaka 1925, ikajengwa Minaki, ndani ya Kisarawe. Shule iliyoanza na watoto waliookotwa jahazini ikaja kuwatoa walimu na waganga wa hospitali wa Tanganyika nzima. Watoto hao hawakuachiwa tu waende zao. Walifundishwa kusoma, kuchapa vitabu, kuhubiri na kufundisha wengine, na ndipo maisha yao yalipopata mwelekeo.

Historia hii ina doa, na haifai kulifunika. Shirika la Berlin lilizaliwa katika joto la siasa za ukoloni, na waliolianzisha walitaka Injili na bendera ya Ujerumani vitembee pamoja. Serikali ya kikoloni ya Kijerumani ililazimisha vijiji vya Uzaramo kulima pamba kwa kiboko cha akida. Vita vya Maji Maji vilipofika Uzaramo mwaka 1905, Kibasila, jumbe wa Kisangire, alikuwa miongoni mwa walioinuka, na Wajerumani wakamnyonga. Kwa mkulima aliyeona hayo, mahubiri ya uhuru yaliyokaa kimya juu ya pamba ya lazima yalikuwa nusu ya habari. Anayesema kwamba uhuru wa Kristo ni wa moyoni tu, usiogusa kiboko na kodi, anasoma Luka 4 akiwa amefumba jicho moja.

Lakini wako pia waliouona uhuru huo mahali ambapo serikali haikuweza kufika, yaani katika hofu. Mzaramo wa zamani aliishi kati ya nguvu nyingi. Kolelo alisikika kutoka milima ya Uluguru akitawala mvua na mazao. Mizimu ya wazee ilidai tambiko. Pepo walitolewa kwa ngoma ya madogoli. Na ugonjwa au kifo kilipoingia nyumbani, swali la kwanza lilikuwa nani amefanya. Martin Klamroth, mmisionari wa Dar es Salaam, aliandika kwa kirefu juu ya imani hizo mwanzoni mwa karne ya 20, maana alitambua kwamba asiyezielewa hawezi kuhubiri Uzaramo. Jibu la imani ya Kikristo halikuwa kumwambia mtu kwamba anaota. Lilikuwa kumwambia kwamba Kristo amezishinda falme na mamlaka zote, kama Waraka kwa Wakolosai unavyosema, kwa hiyo hakuna mzimu wala mchawi mwenye neno la mwisho juu ya mtoto wake. Aliyelisadiki hilo alipata nafuu inayopimika: hakuuza mbuzi kulipia ramli, wala hakumnunia shemeji yake miaka kumi kwa sababu ya homa.

Kwa nini uhuru wa namna hiyo uzae kazi, badala ya uvivu? Walutheri wana jibu la zamani. Mwaka 1520 Martin Luther aliandika kitabu kidogo juu ya uhuru wa Mkristo, akishikilia mambo mawili yanayoonekana kugombana: kwa imani Mkristo hana bwana juu yake, na kwa upendo ni mtumishi wa kila mtu. Hoja yake ni rahisi. Mtu anayefanya mema ili Mungu amkubali anajihudumia mwenyewe. Jirani ni ngazi tu. Anayeamini kwamba amekwisha kukubaliwa bure kwa ajili ya Kristo hana tena cha kununua, kwa hiyo mikono yake imebaki huru kumfaa jirani. Kutoka hapo likaja fundisho la wito: mama anayemwogesha mtoto, fundi anayepiga plasta, mkulima anayepalilia mikorosho na mkunga wa zahanati wanamtumikia Mungu palepale walipo, sawa na mchungaji aliye madhabahuni.

Fundisho hilo lilitahiniwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza waliiteka Dar es Salaam mwaka 1916, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Wa Berlin hawakuanza kurudi hadi katikati ya miaka ya 1920. Katika muda huo walimu na wazee wa kanisa Waafrika ndio waliozishika sharika za Kilutheri nchini, bila mshahara wa kutoka Ulaya. Kama imani ingekuwa mali ya Wazungu, ingeondoka nao. Vita vya pili viliwaondoa Wajerumani tena, na tarehe 19 Juni 1963 makanisa ya Kilutheri yakaungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), ambalo Dayosisi yake ya Mashariki na Pwani ndiyo inayoihudumia Uzaramo.

Leo kusudi la kila siku huonekana katika mambo madogo ya usharika: jumuiya za nyumba kwa nyumba, kwaya, akina mama wanaokwenda kukaa na mfiwa bila kuuliza dini yake, na mnada wa mavuno baada ya ibada, ambapo jogoo, mkungu wa ndizi na fungu la muhogo hununuliwa ili kazi ya kanisa iendelee. Hakuna kati ya hayo linaloondoa umaskini kwa siku moja. Kinachobadilika ni mtu kujua kwamba jembe lake lina maana mbele za Mungu.

Hofu nayo haikufa; imebadili mavazi. Wapo Wakristo wanaotoka ibadani Jumapili na kwenda kupiga ramli Jumatatu, na wapo wanaohama kutoka kwa mganga kwenda kwenye mafuta na maji ya upako wakiwa na hofu ileile. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi katika msongamano wa kukimbilia kukanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Paulo aliwaonya Wagalatia wasinaswe tena katika kongwa la utumwa, na onyo hilo linawahusu wahubiri kabla ya waumini. Mhubiri anayewaacha watu na hofu kubwa kuliko aliyowakuta nayo, kisha akawauzia dawa yake, hahubiri uhuru wa Kristo. Na waumini wana haki ya kumwambia hivyo usoni.