Je, Wajua? Kanuni Moja, Fani Nyingi
Mwaka 1954 huko California, mwanabiolojia Bertalanffy, mwanauchumi Boulding, mwanafiziolojia Gerard na mwanahisabati Rapoport walianzisha chama cha nadharia ya mifumo. Waliamini seli na soko hufuata kanuni zinazofanana. Wakosoaji husema nadharia ya kila kitu haielezi chochote. Pingamizi zito hilo, ila kazi ya Rapoport inatoa jibu. Katika mashindano ya programu za kompyuta ya mwanasayansi wa siasa Robert Axelrod, ambapo kila programu ilichagua kushirikiana na mwenzake au kumsaliti, programu ya Rapoport ilikuwa fupi kuliko zote: anza kwa kushirikiana, kisha mtendee mwenzako kama alivyokutendea. Ikashinda. Mwaka 1981 Axelrod na mwanabiolojia Hamilton waliitumia kanuni hiyohiyo kueleza ushirikiano wa viumbe, hata bakteria wasio na ubongo.